Maneno ya Upweke: Watawa, Jangwa na Watu Waliowafuata

Kiswahili kina shaka na mtu aliye peke yake. Mkiwa ni mtu aliyeachwa bila jamaa wala wa kumtazama, na ukiwa, mbali na kuwa hali ya mtu huyo, ni jina la mahali palipohamwa, nyumba zikabaki magofu. Methali nazo hazimpi nafasi: mtu ni watu, kidole kimoja hakivunji chawa. Katika lugha yenye mtazamo huu, anayejitenga na wenziwe kwa hiari, akaacha mali, ndoa na mazungumzo ya barazani, huonekana kama aliyejitakia msiba.

Hata hivyo, lugha hiyohiyo ina msamiati mwingine wa kujitenga, nao ni msamiati wenye heshima: utawa, itikafu, khalwa, zawia, monasteri. Baadhi ya maneno haya yametoka katika ardhi yetu, mengine yametufikia kwa Kiarabu au kwa lugha za Ulaya. Ukiyachunguza moja baada ya jingine, utaona kwamba mengi yake yamepita njia moja. Yalianza kwa kumtaja mtu mmoja, chumba kimoja au pembe moja, na leo yanataja nyumba zenye watu wengi, shule zilizojaa watoto, au jumuiya nzima. Makala hii inafuata njia hiyo, kwa sababu naamini inatufunza jambo kuhusu wakaapweke wa dini ambalo hadithi za miujiza yao huweza kulificha.

Tuanzie Misri ya karne ya tatu na ya nne baada ya Kristo. Wakristo wa huko walipoanza kuhamia jangwani, kitendo chao kiliitwa kwa Kigiriki anakhoresis, yaani kuondoka, kujitenga. Neno hilo halikubuniwa na watu wa dini. Nyaraka za kale za mafunjo zinaonyesha kwamba lilikwisha kutumiwa muda mrefu kwa wakulima waliotoroka vijiji vyao kwa sababu ya kodi zisizolipika. Mkulima aliyelemewa na deni aliacha shamba na nyumba, akakimbilia vinamasini au jangwani, na mzigo wake ukawaangukia waliobaki. Kwa hiyo mtawa wa kwanza aliyesemwa kuwa ameondoka aliitwa kwa neno lenye lawama ndani yake. Majirani waliolisikia walikuwa na haki ya kuuliza: huyu naye anakimbia nini, na nani atabeba alichokiacha?

Swali hilo lilimgusa Antoni, ambaye Wakristo humwita baba wa watawa. Alizaliwa Misri mnamo mwaka 251 katika familia ya wenye ardhi. Wazazi wake walipofariki, aliachiwa shamba kubwa na dada mdogo wa kulelewa. Siku moja kanisani alisikia ikisomwa Injili ambamo Yesu anamwambia tajiri kijana akauze mali yake awape maskini. Akatoka, akawapa wanakijiji ardhi yake ili wasije wakamsumbua yeye wala dada yake, akauza vilivyobaki akawagawia maskini, na dada yake akamkabidhi kwa wanawali wacha Mungu wamlee. Kabla ya kwenda popote, Antoni alihakikisha kwamba aliowaacha wana wa kuwatunza. Huu si mwendo wa mtoro.

Alianza karibu na kijiji, akajifunza kwa mzee mmoja aliyekuwa akiishi maisha ya namna hiyo tangu ujana. Baadaye alihamia makaburini, kisha akavuka mto Nili na kujifungia katika ngome iliyohamwa, akikaa humo takriban miaka ishirini. Mkate aliletewa mara mbili kwa mwaka. Atanasi, askofu wa Iskandaria aliyeandika maisha yake muda mfupi baada ya kifo chake, anasimulia kwamba hatimaye rafiki zake waliuvunja mlango kwa nguvu. Walitarajia kumkuta mtu aliyedhoofu au aliyerukwa na akili; wakamkuta mzima, mtulivu, asiyefurahishwa wala kusumbuliwa na umati. Tangu siku hiyo hakupata tena upweke wa kweli. Wagonjwa waliletwa kwake, wagombanao walitaka awapatanishe, na vijana walijenga vijumba kumzunguka. Atanasi anaeleza kwamba jangwa liligeuka mji.

Antoni akakimbia tena, safari hii akifuatana na msafara wa Waarabu hadi mlima ulio karibu na Bahari ya Shamu. Huko alilima nafaka yake mwenyewe ili asimlemee mtu, na alipoona wageni wanazidi kumfuata, akapanda na mboga ili wapate cha kuwatuliza baada ya safari ngumu. Mkaapweke anayelima mboga kwa ajili ya wageni aliokuja kuwakimbia: picha hiyo inatosha kutuonyesha mvutano uliomo katika maisha haya. Mara mbili alishuka hadi Iskandaria, mara ya kwanza wakati wa mateso ya Wakristo ili awatie moyo waliofungwa, mara ya pili akiwa mzee sana, kutetea imani ya kanisa lake. Alifariki mwaka 356, akiwa ameagiza kaburi lake lisijulikane. Monasteri yenye jina lake ingali ipo chini ya mlima ule.

Wakati Antoni yu hai, neno jingine lilikuwa likipata maana mpya. Kigiriki monos ni peke yake. Monakhos ni mtu aliye peke yake, na ndilo lililozaa majina ya mtawa katika lugha nyingi za Ulaya. Miongoni mwa hati za kale kabisa zinazolitumia kwa maana hiyo ni shtaka la mkulima mmoja wa kijiji cha Karanis, katika wilaya ya Fayumu, la mwezi Juni mwaka 324. Mkulima huyo, Isidoro, analalamika kwamba ng'ombe wa watu wawili waliingia shambani mwake na kuharibu mazao. Alipomkamata ng'ombe akampeleka kijijini, wenyewe walimkuta njiani wakamwangusha na kumpiga kwa rungu. Anasema wangemmaliza kabisa, lau si msaada wa watu wawili waliokuwa wakipita: shemasi Antonino, na Isaka, monakhos.

Tutafakari kidogo. Neno lenye maana ya aliye peke yake linajitokeza katika hati hii kama jina la mtu anayeamua ugomvi wa ng'ombe kijijini. Isaka hakuwa pangoni. Alikuwa njiani pamoja na mwenziwe, alisikia mtu anapigwa, akaingilia kati. Kama upweke wake ulimtenga na kitu, basi haukumtenga na kilio cha jirani.

Pakomi naye, Mmisri wa kizazi kilichofuata, aliuchukua upweke akaujengea ukuta na lango. Akiwa kijana aliandikishwa jeshini kwa nguvu, akafungiwa pamoja na wenziwe katika mji wa Thebe. Usiku watu wasiowajua waliwaletea chakula. Alipouliza ni akina nani, akaambiwa ni Wakristo, wanaotenda wema kwa kila mtu. Alipoachiwa alibatizwa, akaishi miaka kadhaa chini ya mkaapweke mkali aliyeitwa Palamoni, kisha akaanzisha huko Tabenisi nyumba ambamo watawa walikaa pamoja, wakala pamoja na kufanya kazi pamoja. Kanuni zake zilitaka kila aingiaye afundishwe kusoma, atake asitake. Alipofariki, katikati ya karne ya nne, aliacha jumuiya tisa za wanaume na mbili za wanawake.

Nyumba za namna hiyo ndizo zilizoitwa monasteri. Filoni, mwanafalsafa Myahudi wa Iskandaria katika karne ya kwanza, alikuwa amelitumia neno hilo kwa maana finyu zaidi: kijichumba ndani ya nyumba ambamo mtu husali peke yake. Miaka mia tatu baadaye chumba cha mtu mmoja kimekuwa boma lenye jiko, ghala, karakana na mamia ya wakazi. Jina halikubadilika, ingawa watu wamejaa ndani yake.

Waislamu walirithi swali lilelile, wakalijibu kwa namna yao. Mtume Muhammad (S.A.W.), kabla ya kupewa utume, alikuwa na desturi ya kujitenga katika pango la Hira nje ya Makka. Bibi Khadija alimwandalia masurufu, na kila yakiisha alirejea nyumbani kuchukua mengine. Wahyi ulipomshukia alishuka mlimani, na sehemu iliyobaki ya maisha yake aliipitisha katikati ya watu: akihubiri, akioa, akiamua kesi na kuongoza majeshi. Qurani nayo, katika sura ya Al-Hadid, aya ya 27, inautaja utawa kuwa jambo ambalo wafuasi wa Isa walilizua wenyewe kwa kutafuta radhi za Mungu, kisha hawakulichunga kama ilivyostahili. Kutokana na hayo wanazuoni wengi walishikilia kwamba Uislamu hauna utawa wa kuacha ndoa na jamii moja kwa moja.

Kujitenga kwa muda, hata hivyo, kulibaki. Itikafu ni kukaa msikitini kwa nia ya ibada, hasa katika kumi la mwisho la Ramadhani. Ni upweke wa namna ya pekee: mtu amejitenga na shughuli za dunia, ilhali sala tano zinasaliwa jamaa pembeni yake. Khalwa, kutoka mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuwa tupu, ni faragha ya mwanafunzi wa tarika anayefungiwa chumbani siku kadhaa kwa dhikiri, chini ya uangalizi wa sheikh wake. Huko Sudani neno hili limekwenda mbali zaidi. Khalwa ya Sudani ni chuo cha Qurani, mahali ambapo watoto wengi hukaa na mbao zao za kuandikia wakisoma kwa sauti kuu, kila mmoja aya yake. Anayelijua neno kwa maana yake ya asili, akasogea mahali hapo alfajiri, atastaajabu jinsi utupu ulivyojaa sauti.

Aliyelipima jambo hili kwa kina kuliko wengi ni Imamu Ghazali. Alizaliwa Tus, Uajemi, mwaka 1058, na mwaka 1091 akapewa kiti cha ualimu katika madrasa ya Nidhamiya, Baghdad, mojawapo ya nafasi za juu kabisa kwa mwanachuoni wa zama zake. Katika kitabu alichokieleza maisha yake anasema kwamba aliichunguza nia yake katika kufundisha, akaiona haimwelekei Mungu. Kilichomsukuma kilikuwa jaha na sifa. Mwaka 1095 alisitasita kwa miezi sita, leo akiazimia kuondoka, kesho akirudi nyuma. Mwishowe ulimi wake ukafungika. Alijitahidi kufundisha siku moja tu ili kuwaridhisha wanafunzi, asiweze kutamka neno, na chakula kikawa hakipiti kooni. Matabibu walisema ugonjwa umeanzia moyoni, nao hauna dawa hadi moyo upumzike.

Aliigawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto, akaondoka kwa kisingizio cha kwenda Makka. Dameski alikaa karibu miaka miwili, akipanda mnara wa msikiti mkuu na kujifungia humo mchana kutwa. Alikwenda Yerusalemu, akahiji, kisha mahitaji ya watoto yakamvuta kurudi kwao. Hilo analieleza waziwazi, bila kujifanya malaika: shughuli za riziki na familia ziliichafua faragha yake, akaipata kwa vipindi vipindi tu. Baada ya takriban miaka kumi na mmoja, mwaka 1106, alikubali kufundisha tena, huko Nishapur. Alisisitiza kwamba ingawa amerejea kwenye kazi ileile, yeye si yuleyule: zamani alieneza elimu inayochuma jaha, na sasa anaita watu kwenye elimu inayoiacha jaha. Alifia Tus mwaka 1111, ambako karibu na nyumba yake alikuwa na madrasa ya wanafunzi na makao ya masufi.

Katika kitabu chake kikubwa, Ihya, Ghazali ametenga sehemu nzima kwa adabu za kujitenga. Haanzi kwa kusifu wala kwa kulaumu. Anaweka mizani. Upande mmoja anaweka faida za faragha: nafasi ya kutafakari, kuepukana na kusengenya na kujionyesha, kusalimika na fitina. Upande wa pili anaweka kinachopotea: kujifunza na kufundisha, kuwafaa watu na kufaidika nao, thawabu za kumzuru mgonjwa na kumsindikiza maiti, unyenyekevu, na uzoefu ambao mtu hawezi kuupata asipogongana na wenziwe. Mwenye hasira, kwa mfano, hawezi kujijua yuko peke yake chumbani. Anahitaji mtu wa kumkasirisha. Kwa hiyo hukumu hutegemea mtu, wakati na hali.

Hapa pana neno jingine la kulitazama. Mazoezi ya kuifunza nafsi Ghazali na wenziwe waliyaita riyadha. Ni neno hilihili tunalolitumia leo, riadha, kwa mbio na miruko ya viwanjani. Wagiriki nao walilichukua neno la mazoezi ya wanamichezo, askesis, wakaliita kwalo zoezi la mtawa. Kiarabu na Kigiriki vimekutana katika fikra moja: kujitenga ni mazoezi, na mazoezi yana siku ya mashindano. Hakuna anayefanya mazoezi ili abaki kambini.

Pwani yetu haina jangwa la Misri, na historia yake ni ya miji, bandari na biashara. Wacha Mungu wake walijitenga palepale mjini. Ihya ilipendwa sana na masharifu wa Hadhramaut, na wahamiaji wao waliieneza heshima hiyo Pate, Lamu na kwingineko. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mtunzi wa Al-Inkishafi, alikuwa wa ukoo wa masharifu hao. Katika utenzi huo hahutubii umma. Anauhutubia moyo wake mwenyewe, na anauonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa ya fahari na sasa ni ukiwa. Hakuhitaji pango. Magofu ya mji wake yalimtosha kuwa khalwa. Ajabu ni kwamba mazungumzo ya mtu na moyo wake, jambo la faragha kuliko yote, yakawa utenzi unaojulikana kuliko nyingi katika lugha yetu.

Zawia nayo, kwa Kiarabu, ni pembe: mahali padogo pa kukaa kando. Katika pwani ya Afrika Mashariki zawia ni nyumba ya tarika, yenye wanafunzi, dhikiri na maulidi. Bagamoyo ilikuwa na zawia mashuhuri ya Kadiria iliyoongozwa na Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kama Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Alikuwa ameletwa pwani akiwa mtoto, mtumwa kutoka Manyema. Antoni na Ghazali waliacha nyumba zao kwa hiari. Mtoto huyu aling'olewa kwao, asiulizwe. Ukiwa wake haukuwa ibada, ulikuwa dhuluma, wala hatupaswi kuupamba. Lakini aliyeanza maisha ya mjini bila jamaa alisoma hadi akawa sheikh, na pembe yake ikawa kwao kwa watu wengi.

Limebaki neno letu wenyewe. Kutawa, katika Kiswahili cha pwani, ni kukaa ndani bila kutoka wala kuonekana na wageni, kama alivyokaa mwanamke wa heshima nyumbani. Wakristo walilichukua wakamwita mtawa mtu aliyeweka nadhiri, na shirika lake wakaliita shirika la kitawa. Wabenedikto waliofika Peramiho mwaka 1898, na Ndanda mwaka 1906, wanafuata kanuni ya Benedikto wa Nursia, Mwitalia aliyekaa miaka mitatu katika pango la Subiako kabla hajawa kiongozi wa watawa. Kanuni hiyo yenyewe inasema kwamba ukaapweke ni wa waliokwisha kujaribiwa kwa muda mrefu katika maisha ya jumuiya, si wa anayeanza. Na leo, ukimtaja mtawa kusini mwa Tanzania, wengi hawafikirii pango. Wanafikiria hospitali, karakana, mtambo wa kuchapia vitabu. Aliyetawa ndiye anayemfungulia mgonjwa mlango usiku.

Mtu anaweza kuisoma historia hii kama hadithi ya kushindwa: walitaka upweke, wakapata umati. Mimi naisoma vingine. Kila mara watu walimfuata aliyejitenga kwa sababu walidhani ana kitu ambacho wao, katika kelele zao, wamekipoteza. Na aliyekuwa nacho kweli hakukataa kugawa. Aliyekwenda jangwani kwa kuwachukia watu hakuacha nyumba nyuma yake, wala neno.

Siku hizi tunalitumia neno upweke kwa kila kitu: kwa mjane aliyesahauliwa, kwa kijana asiye na rafiki katika mji mkubwa, kwa anayetafuta utulivu wa saa moja. Kwa kufanya hivyo tunapoteza tofauti ambazo lugha yetu ilikwisha kuziweka. Ukiwa ni msiba, na dawa yake ni watu. Faragha ni haki, na dawa ya kuikosa ni mlango. Utawa ni kazi, na kipimo chake ni kile ambacho mtu anakileta anapofungua mlango huo. Washairi wanaotafuta maneno ya zama hizi hawana haja ya kuazima mapya kabla hawajayatumia haya matatu, kila moja mahali pake.